Fundi Aliyepika Uhai

Mtu ninayetaka kumweleza hapa alinivunja meno mawili ya mbele, na mpaka leo nikimsikia mtu akimtukana huinuka kitini. Wanangu hawanielewi. Husema, "Mama, mtu huyo si alikupiga?" Alinipiga, ndiyo. Hayo ni yangu na yeye. Lakini alikuwa na haja moja duniani, kubwa kuliko kimo chake: alitaka kujua uhai huanzia wapi. Aliutafuta kwa mikono yake mwenyewe, kwa moto na kwa matope, mpaka siku ilipofika akautaka kwangu, kwa neno moja la mdomo wangu, nami nikamnyima. Habari yenyewe ni hiyo, na yanayofuata ni namna tulivyofika hapo.

Tulimwita Fundi. Kwetu sisi wenye asili ya Ngazija mwalimu huitwa hivyo, awe anafundisha Kurani au hesabu. Yeye alifundisha sayansi katika shule moja ya Mahajanga, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, bendera ikiwa mpya na Wafaransa wengi wakiwa bado hawajafunga masanduku yao. Jina lake ninalijua na silitaji, maana mkewe bado ana ndugu mjini. Nyumba zetu zilikuwa mtaa wa Mangarivotra, ukuta kwa ukuta, na kazi yangu ilikuwa ukunga. Wamalagasi huniita reninjaza, mama wa watoto. Mtaani tulisema Kimalagasi, nyumbani Kikomoro, na mbele ya karani Kifaransa. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikirithi kwa bibi yangu, aliyekitumia kwa dua, kwa biashara na kwa kugombana na mabaharia. Ukikiona kina ukali, mlaumu yeye.

Nianze na mkono wake, maana ndio uliokuwa ukitangulia popote alipokwenda. Fundi alikuwa mfupi, mabega mapana, kichwa kinameremeta, na ukutani darasani alitundika kipande cha mpira wa gesi. Alichapa kwa huo mpira. Walimu wengine waliwachapa waliokosea. Yeye aliwachapa waliokubali. Siku moja aliingia darasani akasema, "Andikeni: jiwe linapumua." Darasa zima likaandika. Akawachapa wote, mmoja mmoja, mpaka viganja vikavimba. Mama mmoja akaja mpaka mlangoni kwake na mwanawe, mikono ya mtoto imekuwa kama maandazi.

"Fundi, mwanangu amekosa nini?"

"Ameandika kuwa jiwe linapumua, mama."

"Si wewe uliyesema?"

"Ni mimi. Na mimi ni nani?"

Yule mama alimtemea mate miguuni akaondoka. Nami nilikuwa naanika nguo, nikamwambia palepale kwamba yeye ni mnyama. Akaniitikia, "Kweli, Bweni, na wewe pia," akaingia ndani. Bweni ndiyo heshima yetu kwa mwanamke, na hakuacha kuniita hivyo hata siku za kutukanana. Sikujua nicheke au nimrushie beseni.

Basi mkono huohuo haukuweza kuchinja kuku. Sikukuu ikifika alimwita mume wangu achinje, kisha yeye akaingia chumbani akafunga dirisha asisikie. Chungu wakipita uani aliwaruka. Siku moja nilimwona barabarani amemkaba koo mvuta posiposi, kile kigari cha abiria kinachokokotwa na mtu, aliyekuwa akimpiga mbwa kwa fimbo. Alimkaba mpaka macho yakamtoka yule mtu, watu wanne wakamvuta Fundi kwa nguvu, na alipoachia akaanza kumsaidia yule maskini kutafuta kofia yake mtaroni. Aliifuta tope kwa kanzu yake mwenyewe. Mimi nimekaa na watu wakali maishani, baba yangu alikuwa mmoja wao, lakini sijaona mtu aliyekuwa na huruma na ukatili katika kidole kimoja namna ile.

Mgongo wake ulikuwa na mistari. Aliipata kisiwani Nosy Be alikofanya kazi ujanani, karibu na Andilana, kwenye mtambo wa kukeneka maua ya mlangilangi. Maua hutiwa katika pipa la shaba, maji yakachemka chini, mvuke ukapanda na mafuta, ukapita katika mrija uliojiviringisha na kushuka matone. Fundi alimuuliza msimamizi kwa nini harufu hupanda na ua likabaki. Msimamizi alikuwa na mjeledi wa ngozi ya ng'ombe na siku mbaya. "Nikapewa jibu la mgongoni," alikuwa akisema, na kucheka. "Swali zuri huacha alama, Bweni." Wanafunzi wake waliujua msemo huo vizuri, na kwa mikono yao.

Alipohamia Mahajanga alikuja na mrija mmoja wa shaba kutoka mtambo ule. Sijui alivyoupata, na mume wangu alinikataza kuuliza. Uani kwake alijenga kibanda cha mabati, na humo ndimo alimopikia. Neno ni lake: kupika. Alikuwa amesoma katika jarida la Kifaransa kwamba huko ng'ambo wataalamu wametia maji na gesi katika chupa ya kioo, wakapitisha cheche za umeme siku baada ya siku, na maji yakabadilika rangi, yakawa na vitu vilevile ambavyo nyama zetu zimejengwa navyo. Si uhai wenyewe, ila matofali yake. Fundi aliposoma hayo hakulala. Wao wameishia kwenye matofali, alisema, yeye atafika kwenye nyumba.

"Dunia ilipokuwa changa, Bweni, hapakuwa na mama wala baba," alinieleza siku moja, nimeingia kumrudishia sufuria. Kibandani kulikuwa na chupa za kioo za tumbo kubwa, koili ya lori, betri, na moshi wa kukuchoma pua. "Kulikuwa na maji, gesi za kunuka, na radi. Ikapiga radi, na radi, na radi, mpaka kitu kimoja kikashtuka."

"Kitu gani?"

"Ndicho ninachokitafuta."

"Na Mungu alikuwa wapi?"

"Ndiye aliyekuwa akipiga."

Alisali sala tano na hakukosa Ijumaa. Shehe wa msikiti wetu hakumpenda, lakini hakuthubutu kumwita kafiri, kwa kuwa Fundi aliijua Kurani kumzidi na hakuona haya kumsahihisha mbele za watu. Wakimshutumu alijibu kwamba Mungu hakumkataza mtu kuchungulia jikoni. Alisema udongo umetajwa, maji yametajwa, yeye ameleta udongo na maji, kuna kosa gani? Mtaani walimcheka. "Fundi, uhai umeiva?" walimpigia kelele akipita. Akijibu alijibu, "Bado chumvi."

Lakini neno lake kubwa, alilolirudia mpaka likanichosha, lilikuwa hili: hakuna mstari. Jiwe, tope, ukungu wa mkate, samaki, mimi, wewe, ni kitu kimoja, tofauti ni kukorogwa tu. Hapo ndipo tulipogombana kila mara. Mimi mstari huo niliushika kwa mikono yangu kila wiki. Mtoto hutoka rangi ya wino, kimya, yuko upande ule. Unamshika miguu, unampiga nyayo, unampiga matako, unamfyonza puani, unampiga tena. Akilia yuko huku. Watu hudhani kuzaliwa ni jambo la upole. Ni damu, ni kuchanika, ni mtu mzima anakung'ata mkono, na mwisho wake ni kofi. Mficha uchi hazai, na aliyezaa hana cha kuficha tena.

"Unapompiga," Fundi aliniuliza, "unamwita au unamwamsha?"

"Nampiga tu."

"Na kati ya kofi na kilio, yuko wapi?"

Nilimwambia wali wangu unaungua, nikaenda zangu.

Mkewe alikuwa zanatany, kama tunavyowaita waliozaliwa hapa, baba Mngazija na mama Msakalava wa mtaa wa Antanimasaja. Mwanamke mrefu, mshonaji, mwenye maneno machache. Mkono wa Fundi haukumgusa hata mara moja. Nasema hili kwa kuwa watu huuliza. Walikaa miaka mingi bila mtoto. Alipopata mimba Fundi akawa kama mtu aliyepigwa na kitu kichwani. Nilimwona jioni amepiga magoti uani, sikio tumboni mwa mkewe, amekunja uso kama anayesikiliza mlango wa jirani. Nikadhani sasa ataacha kupika. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Akaongeza bidii, kana kwamba tumbo la mkewe na tumbo la chupa yamewekwa kwenye mashindano. "Mume wangu ameoa mke wa pili," mkewe aliniambia, sindano mdomoni, "naye wa kioo." Tulicheka sana siku hiyo. Nampenda mpaka leo kwa kicheko kile.

Chupa ya kwanza ilipasuka Jumamosi asubuhi. Hewa ya kawaida ilikuwa imeingia pamoja na zile gesi, na cheche ilipopita kibanda kizima kikaruka. Bati moja likatua juu ya paa letu. Nilimkuta Fundi sakafuni, shavu limefunguka mpaka fizi zinaonekana, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimebaki kwa ngozi. Nilimaliza kukikata mimi, kwa mkasi wangu wa kazini. Nikamvua shati, na ndipo nilipoiona mistari ya mgongo. Nikaanza kumng'oa vioo kimoja kimoja, yeye damu inamchuruzika kifuani na anapiga kelele, "Usifute sakafu! Bweni, usifute, maji yalikuwa yameanza kuwa ya njano!" Nilimpiga kofi la kumtuliza. Mkewe alisimama na beseni, tumbo limeanza kuonekana. Nilimwambia Fundi kwamba akirudia tena nitamshitaki kwa askari wa jandarma. Akasema atarudia, ila atakuwa mwangalifu zaidi. Na akarudia.

Sasa nifike kwenye tope. Wataalamu wa ng'ambo walitumia gesi za kununua. Fundi hakuwa nazo tena baada ya mlipuko, ila alijua kwamba tope la zamani, lililooza, hutoa povu la gesi ileile, na kwamba ukilichokoa kwa mti na kufunika chupa ya maji juu yake, gesi hupanda yenyewe. Alitafuta tope lililo tajiri kuliko yote. Nyuma ya Antanimasaja kulikuwa na bonde la unyevu, jeusi, lisilokauka hata kiangazi. Alichokoa mara moja, chupa ikajaa papo hapo. Akarudi na ndoo ya tope pia, akaitia katika chupa mpya, akapitisha cheche. Safari hii maji yaligeuka rangi ya chai, na juu yake kukatanda ngozi nyembamba iliyokuwa ikitikisika. Alilia kwa furaha. Nilimsikia kupitia ukutani.

Hakujua bonde lile ni la nini. Mtu wa kuja angejuaje? Hakuna jiwe pale, hakuna kibao. Wamalagasi wa kwetu wana watoto wanaowaita zazarano, watoto wa maji: wale waliokufa kabla ya kuota meno, na wale waliozaliwa kimya. Hawa hawajawa watu bado. Hawaingizwi katika kaburi la ukoo. Huzikwa na wanawake, bila kilio, mahali penye unyevu, warudi walikotoka. Wanawake wengi Waislamu wa Mahajanga hufanya vivyo hivyo, kwa sababu ya mama zao, na wanaume hawaulizi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba vifurushi vingi kwenda kule. Fundi alikuwa akitoka alfajiri na kurudi na ndoo imefunikwa gunia, nami nikadhani ni tope la mtoni.

Mwanamke mmoja wa Antanimasaja alimwona. Alikuwa amezika wa kwake mwezi uliotangulia. Alimwona mwanamume mwenye kovu shavuni anachokoa kwa mti, anakinga chupa, anajaza ndoo. Hakupiga kelele. Alimfuata mpaka Mangarivotra, akaona kibanda, akaona moshi, akarudi kwao.

Asubuhi iliyofuata walikuja. Mbele wanawake, nyuma wanaume wenye mapanga na mikono ya posiposi waliyoing'oa. Kelele zao zilikuwa neno moja: "Mpakafo! Mpakafo!" Mchukua mioyo. Kwetu hilo si neno la mchezo. Kila mtoto wa kisiwa hiki ametishwa na mpakafo, mgeni aliyesoma, anayepita kuiba mioyo ya watoto. Fundi alitoka mlangoni na kanzu yake safi kama anayepokea wazazi wa wanafunzi. Yule mwanamke akasimama mbele yake. Hakuwa na silaha. Alikuwa anatweta tu.

"Mwanangu yuko katika chupa ipi?" aliuliza kwa Kimalagasi.

Mtu mwingine yeyote angesema hayumo. Mwongo angesema hayumo, na mwenye busara pia, na mimi ningesema hayumo. Fundi alifikiri. Naapa, nilimwona akifikiri, kichwa upande, kama vile mwanafunzi amemuuliza swali zuri.

"Huenda yumo katika zote, mama," akasema.

Alishangaa kwamba walimpiga. Aliniambia hivyo baadaye, alidhani amemfariji. Panga la kwanza lilimpata begani kwa ubapa. Kisha mkono wa posiposi ukamvunja mkono wa kushoto, nikausikia mfupa kutoka uani kwangu. Walimburuta kwa kanzu, wakamkanyaga, mwanamke mmoja akamsokomeza tope mdomoni kwa viganja viwili, anamwambia, "Kula! Kula!" Wengine waliingia kibandani. Chupa zikapasuliwa moja moja, na kila moja ilipopasuka wanawake walipiga yowe, kwa sababu hawakujua wanamuua nani. Ile yenye maji ya rangi ya chai mzee mmoja aliitoa nje ameikumbatia, hataki kuitupa wala kuishika. Akaiweka chini taratibu. Kijana akaipiga teke.

Mimi nilikimbilia kwa mkewe. Alikuwa ameshikilia mlango wa nyumba kwa mgongo, miguu ameikita sakafuni. Nilipita dirishani. Kabla sijamfikia mlango ulitoka katika bawaba zake ukamwangukia tumboni, na watu wakapita juu ya mlango. Niliwang'ata. Nasema kweli, niliwang'ata mikono na masikio, nilikuwa na meno yangu yote wakati huo. Jandarma walipofika watu walikuwa wamechoka wenyewe, wamekaa chini uani wanalia.

Shule ilimfukuza palepale. Haikupita wiki, Ijumaa mchana, uchungu ukamshika mkewe kabla ya wakati wake.

Alikuwa mwanamume, mtoto yule. Nywele nyingi, kucha zimekamilika. Nilimpokea mimi, na mama mzazi wa mkewe Fundi akiwa amemshika bintiye mabega. Nilimpiga nyayo. Nilimpiga matako. Nilimfyonza, nikampulizia, nikamtia maji ya baridi na ya moto, nikampiga tena mpaka bibi yake akaniambia, "Basi, basi, unamuumiza." Hakulia. Kitovu hakikuwa kikipiga. Nilifanya kazi ile kwa muda mrefu kuliko ninavyofanya kwa mtoto yeyote, nataka hilo lijulikane.

Watu wakatoka msikitini. Shehe akaja mpaka mlangoni na Fundi, mkono wake umefungwa mbao, uso umevimba. Kwa sheria yetu mambo yako wazi: mtoto aliyelia, au aliyetikisika baada ya kutoka, huyo ni maiti wa Kiislamu, anaoshwa, anasaliwa, ana jina, amelala makaburini na watu wake. Asiyelia hasaliwi. Na wanaume hawamo chumbani, kwa hiyo neno ni la wanawake waliokuwamo. Bibi yake alikuwa amejifunika uso, hakuweza kusema. Likabaki langu.

"Alilia?" shehe akauliza.

"Hakulia."

"Alitikisika," Fundi akasema.

"Hakutikisika, Fundi."

"Hukuangalia vizuri. Mdomo. Ukope. Kitu chochote, Bweni. Sema ukope."

"Niliangalia."

Akanishika kanga. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Neno moja. Wasimweke bondeni. Nakuomba, sema alitikisika."

Kila mtu mtaani alijua kwamba neno la mkunga likiinama mara moja halinyooki tena. Kwa neno langu watu wamerithi na kunyimwa, wametambuliwa na kukanwa. Lakini nisijipambe. Nilikuwa pia na hasira, hasira ya kutisha, kwa ajili ya mwanamke aliyelala nyuma yangu akivuja damu. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyesema hakuna mstari. Upo, Fundi. Ndio huu."

Alinipiga kwa mkono wake mzima, ngumi, mdomoni. Nilianguka juu ya beseni. Mume wangu na wanaume wengine wakamrukia, wakampiga juu ya vidonda vyake vya juzi, ule mkono uliovunjika ukavunjika tena. Mimi nilitema meno nikaendelea kumshughulikia mzazi, maana damu yake ilikuwa bado. Wanawake wakamfunga mtoto kitambaa cheupe alichokuwa amekishona mama yake, wakatoka naye kupitia mlango wa nyuma. Fundi aliwaona. Mume wangu alikuwa amemkalia mgongoni, shavu limebanwa sakafuni, naye akapiga kelele ambazo bado nazisikia nikiwa macho: "Msimpeleke kule! Mimi napajua kule! Napajua!"

Sijajuta kusema kweli. Nimelia, sijajuta.

Mkewe alipopata nguvu alirudi kwa mama yake, akaomba talaka, akapewa bila neno. Fundi akapotea Mahajanga. Walisema amekufa, wengine amekwenda Ufaransa, wengine amerukwa na akili. Mimi nilijiapia kwamba nikimwona nitampiga.

Nilimwona. Miaka kadhaa ilipita, mpwa wangu aliolewa Nosy Be akajifungua Andilana, nikaenda kumkanda. Siku moja nikifuata harufu ya mlangilangi nikafika kwenye mtambo, na aliyekuwa akichochea moto chini ya pipa alikuwa yeye. Amekonda, ndevu nyeupe, mkono wa kushoto umepinda kama tawi. Alisimama aliponiona. Nilimpiga kofi kwa nguvu zangu zote, nikampiga la pili, akapiga goti. Wafanyakazi wakainuka na makoleo yao.

"Mwacheni," akasema. "Huyu ni Bweni wangu."

Nikamtukana kwa lugha zote nilizo nazo. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanivutia gogo nikae, akafuta damu puani, akachochea moto kidogo, kwa sababu kazi haingojei. Niliuliza kama bado anapika. Akasema hapana. Aliuliza habari za aliyekuwa mkewe, nikamwambia ameolewa, ana binti wawili, wana afya. Akasema, "Alhamdulillahi," na alimaanisha.

"Bweni, nina swali. Si lile la siku ile."

"Uliza."

"Ulipompokea, alikuwa na joto?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Hasira yangu ikanitoka, nikatafuta pa kuishika nisiione.

"Alikuwa na joto, Fundi. Joto sana. Nilimshika mpaka mikono yangu ikapata jasho." Lakini sikuweza kumdanganya hata hapo. "Lilikuwa joto la mama yake. Unajua hivyo."

"Najua." Alitazama moto. "Na langu lilikuwa la mama yangu. Lako la mama yako. Nimepiga cheche miaka yote ile, nikitafuta aliyewashwa peke yake. Hakuna, Bweni. Sote tumepokezana." Machozi yakamshuka, hakuyafuta. "Basi na yeye alipokezwa. Hata kama alilishika kidogo tu."

"Alilishika," nikasema. "Alikuwa nalo."

Akainama mbele, akanong'ona kwa Kikomoro, kama anayeogopa wafanyakazi wasikie.

"Ana jina. Nilimpa akiwa tumboni. Shehe alisema wa namna ile haitwi, nami sijamwambia mtu."

"Niambie."

"Utalitamka? Kwa sauti?"

"Nitalitamka."

Akaniambia, jina ambalo kwa Kiarabu maana yake ni "anaishi". Nikasimama, nikajifunga kanga vizuri, na mbele ya wafanyakazi wote nikalitamka kama ninavyotangaza mlangoni mtoto anapotoka salama: "Yahya! Yahya, mwana wa Fundi!"

Wakageuka kututazama. Fundi alikuwa ameziba uso kwa mkono wake mzima.

"Tena," akasema.

Nikalitamka tena.